Tandiko la Punda

KIBARAZANI
Na Athumani bin Seif

Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tukitoka msikitini na jua la adhuhuri limesimama juu ya vichwa vyetu, sahibu yangu mmoja, mtu wa murua na mwenye kauli nzito katika baraza yetu, alisimama mbele ya gari langu, akalitazama kitambo kirefu kama atazamaye jeneza la jamaa yake, kisha akasema, "Lahaula, bwana! Farasi umemvika tandiko la punda." Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, na tandiko alilolisema ni keria ya mabomba niliyoiunda mwenyewe kwa msaada wa fundi wa kuchomelea, ambayo siku hiyo ilikuwa imesahauliwa juu ya paa tangu safari ya Jumatano. Sikumjibu pale pale, kwani njia ilikuwa imejaa watu na pilau ilikuwa inatungoja. Lakini kwa kuwa neno lake limerudiwa tangu siku ile na watu wasiopungua watano, ambao wawili katika hao hawajapata kuendesha gari la aina yoyote, nimeona insafu ni kulijibu hapa.

Nakiri kwanza kwamba shutuma hii haikuzuka bure. Gari hili, lililotoka Japani kwa mara ya kwanza mwaka 1969, lina viti viwili, pua ndefu iliyoficha injini ya silinda 6 na sentimita za ujazo 2,393, na paa linaloteremka hadi mkiani kwa mstari mmoja usiokatika. Mtu aliyeuchora mstari ule hakuwa na nia ya kuona makanda ya maembe juu yake. Wala kwetu si gari la kutambulishwa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, akashinda nalo tena baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya namna nyingine, ushindi ukaamuliwa kwa kutazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kutozwa pointi ya kwanza. Sisi tuliokuwa vijana siku hizo tuliyasikiliza hayo kwa redio, tukabishana usiku kucha, na tangu hapo jina la gari hili likawa na taadhima ambayo magari ghali kuliko hili hayakuipata.

Lakini hao wanaosema kuwa gari la heshima kama hili haliongezwi kitu, na wakumbuke kwamba magari yaliyoliletea heshima hiyo hayakwenda matopeni yakiwa uchi kama yalivyotoka kiwandani. Yaliongezwa taa kubwa mbele, yakafungwa mabamba ya chuma tumboni, na hakuna aliyesimama kando ya njia akalia kwamba farasi amevikwa tandiko la punda. Ikiwa taa ni halali kwa haja ya usiku, keria kwa nini iwe haramu kwa haja ya mchana?

Na haja yangu ni hii. Wakwe zangu wanakaa Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Mombasa, na msimu wa maembe ngowe ukifika haipiti wiki ila mama mkwe amenitengea makanda mawili, na juu ya makanda jamvi, na juu ya jamvi chochote kingine ambacho nyumba yake imekichoka. Nafasi ya nyuma ya Datsun hii iko chini ya mlango wa kioo ulioinama, na kioo kile, kwa jua la pwani, hupika. Maembe yaliyopakiwa Malindi yakiwa magumu hufika Mtwapa yakiwa uji. Kuikataa zawadi ya mama mkwe si shauri la mtu anayetaka kuishi kwa amani. Kununua pikapu, kama wengine walivyoninasihi, ni shauri la mtu ambaye si yeye atakayelipa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa dhati yangu ndilo lililonishikisha kalamu. Miaka kadhaa nyuma nilikwisha kulipeleka gari hili kwenye karakana moja mjini, ambayo sitaitaja, nikaagiza keria, nami nikaenda zangu kazini kwa imani; niliporudi jioni nilikuta kazi imekamilika, imenyooka, imepakwa rangi nzuri, na imefungwa kwa bolti nne zilizopita ndani ya paa. Yaani walikuwa wamechukua keekee wakalitoboa. Masika ya mwaka ule maji yaliingia kidogo kidogo kwenye matundu yale, yakajificha juu ya kitambaa cha dari ambako jicho halifiki, na nilipokuja kuhisi harufu ya uvundo na kukivuta kitambaa, kutu ilikuwa imekula sehemu pana kuliko sinia ya kulia wali. Kuziba matundu manne kulinigharimu zaidi ya mara tano ya bei ya ile keria. Tangu siku ile nimekuwa na itikadi moja katika mambo haya, nayo sitaiacha: kitakachowekwa juu ya gari la kale kikae kama mgeni mwenye adabu, aingie bila kuvunja kitu, na siku atakapoondoka mwenyeji asipate kujua alilala wapi.

Kwa hiyo safari hii niliifanya kazi mwenyewe. Paa la gari hili, kama la magari mengi ya enzi yake, lina mfereji mwembamba wa bati kila upande, ambao kazi yake ni kuyachukua maji ya mvua yasimwagikie dirishani. Na kwa kuwa hapo ndipo bati la paa na bati la ubavu lilipokutanishwa na kuchomelewa, pana nguvu kuliko paa lenyewe, ambalo ukilibonyeza kwa kidole gumba katikati hunywea. Hapo, na si pengine, ndipo miguu minne ya keria inapostahili kusimama. Mfereji umefunikwa kwa utepe wa chuma king'aacho uliobanwa tu bila skrubu, nao huvuliwa kwa kipande cha mti na kwa subira. Atakayeuendea kwa bisibisi ataupinda, na ukishapinda haunyooki tena. Nilichukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikailaza ukingoni, nikalichora umbo lake, nikakata kigezo, nikafanya hivyo mara nne, mguu mmoja mmoja, nami nikagundua kwamba upande wa kushoto wa gari langu haulingani na wa kulia. Kila mguu nikaupa midomo miwili, mmoja wa kukaa ndani ya mfereji na mwingine wa kuushika kwa chini, na bolti ya milimita 8 ya kuikutanisha. Na baina ya chuma na bati nikatia mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya lori. Miguu ya nyuma lazima isogezwe mbele kuliko macho yanavyopenda, kwa sababu mlango wa kioo una bawaba zake pale paa linapokoma, na keria iliyokaa nyuma mno itakunyima kuufungua.

Fundi wangu wa kuchomelea, mtu hodari lakini mwepesi wa kubana matumizi, alikuja na mabomba ya maji yaliyopakwa zinki, kwa hoja kwamba hayashiki kutu. Hoja yake ni kweli, lakini zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe, na mwenye kuuvuta hushikwa usiku na homa na mtetemeko kama wa malaria; na yale maziwa ambayo mafundi wetu hunywa wakiamini kuwa yanaukata moshi huo hayana kazi humo ila kushibisha. Tulinunua mabomba meusi ya duara, kipenyo milimita 25 na unene milimita 1.5, mita 9 kwa jumla, uzito wake kama kilo 8. Tukayasugua kwa msasa, tukayachomelea uani penye upepo, tukayapaka rangi mara tatu kwa sababu ya chumvi ya bahari, ambayo haina huruma.

Safari ya kwanza ilinifedhehi. Tulipokwisha kuvuka daraja la Mtwapa na mshale ukafika kilomita 80 kwa saa, keria ilianza kulia, sauti nzito isiyokata, kama siwa ipulizwapo, na kila nilipoongeza mwendo sauti nayo ikapanda, hata mke wangu akaniuliza kama gari linaugua. Ugonjwa haukuwa wa gari. Upepo unapolipita bomba la duara huliacha kwa vizingo vidogo vinavyozaliwa kwa zamu, kimoja juu na kimoja chini, na kwa bomba la unene ule katika mwendo ule zamu hizo hufika 180 hivi kwa sekunde, na hiyo ni sauti kamili ya muziki. Wajenzi wa mabomba marefu ya moshi ya viwandani wanalijua jambo hili, ndiyo maana utaona mengine yamezungushiwa bamba la chuma kuanzia juu kama ngazi ya mnara, ili upepo usipate kuliacha bomba zima kwa pigo moja. Mimi sikuwa na bamba. Nilikuwa na kamba ya usumba, ile tuisokotayo kwa makumbi ya nazi, nikaizungusha kwenye mabomba ya mbele na ya nyuma, mzunguko mmoja kila nusu shubiri, nikaifunga kwa fundo la kibaharia. Keria ikanyamaza, na mpaka leo haijasema tena.

Kuhusu uzito, sina la kuongeza juu ya lile ambalo kila nahodha wa jahazi alilijua kabla ya gari kuzaliwa: farumi hukaa chini, na shehena ya juu ni ya kuogopwa. Gari la mbio hushika njia kwa kuwa uzito wake uko karibu na ardhi, na kila kilo uipandishayo paani humvuta dereva nje ya kona. Mimi nimejiwekea kilo 40, keria ikiwa ndani ya hesabu, wala sipandi zaidi ya kilomita 80, kwani mwendo ukiongezwa mara mbili upepo hukaza mara nne, na ukishika breki ghafla gari husimama lakini mzigo una shauri lake. Ndiyo maana mbele hufunga kamba mbili mpaka kwenye bampa, na baada ya kilomita 20 za kwanza husimama kukaza bolti. Maembe huenda juu. Jamvi, ambalo ni zito kuliko linavyoonekana, sasa hukaa ndani.

Basi namwambia sahibu yangu kwamba juu ya sura tunakubaliana. Keria ni mbaya kwa sura, na siku ile ya Ijumaa kosa lilikuwa langu kuiacha juu bila kazi, maana gari hili lisipokuwa na mzigo lina haki ya kutazamwa kama lilivyochorwa. Lakini naivua kwa dakika 12, kwa spana moja, na baada ya hapo yeye mwenyewe na aje na miwani yake aonyeshe ilipokuwa. Vigezo vyangu vinne vya karatasi bado ninavyo, vimekunjwa ndani ya kitabu cha gari, na mwenye Datsun kama hii akivihitaji anikute barazani baada ya Alasiri yoyote aje aviazime, kwa sharti moja tu: keekee aiache kwao.