Huyo si kilaza

Mwalimu yeyote wa Msimbati, Kitaya au Mikindani anamjua mtoto huyu. Muulize kwa mdomo, anajibu barabara. Mpe kitabu, anakwama. Anajua bamvua linaingia lini na mtumbwi utakwama wapi kwenye mlango wa Ruvuma, lakini b na d zinamchanganya. Wenzake wanamwita kilaza. Anakariri Darasa la Nne, kisha anapotelea dikoni au kwenye mikorosho.

Huenda ana disleksia: akili ni nzima, ila ubongo unapata taabu kuunganisha herufi na sauti yake. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 ambaye mwalimu wake aliamini angewapita wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Kwetu Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, hivyo mtoto wa namna hii anaweza kujikongoja hadi la saba bila kutambuliwa. Kidato cha kwanza, Kiingereza kinamwangusha.

Mwaka 2009 Julie Logan, mtafiti wa London, alichapisha matokeo kwamba zaidi ya theluthi ya wajasiriamali aliowauliza Marekani walisema wana disleksia. Tangu utotoni walizoea kujieleza kwa ufasaha na kuwakabidhi wengine kazi wasizoziweza. Hiyo ni nguvu ya kweli. Lakini tusiwadanganye wazazi: haiji yenyewe. Mtoto akichapwa na kuchekwa hadi akaacha shule, ugumu wake unabaki kuwa ugumu.

Sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, nasi wenye VETA na chuo cha uvuvi Mikindani tunaupokea kwa mikono miwili. Ila amali isigeuzwe jalala la wasiojua kusoma. Fundi boti anasoma michoro, na mkulima wa korosho anasoma stakabadhi ya ghala kabla ya kutia saini. Mtoto huyu afundishwe sauti moja moja, taratibu, akizipapasa herufi za mti kwa vidole. Wachonga vinyago wa kuzitengeneza tunao.

Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye uoni hafifu. Mwenye disleksia naye aongezewe, na asomewe maswali. Halmashauri zetu zisingoje Dodoma: kila shule ipate walau mwalimu mmoja aliyefunzwa kumtambua mtoto huyu akiwa Darasa la Pili, kabla upimaji wa la nne haujamkuta.