Gemu za flashi: Nani mwenye mashine iliyokwisha kuuzwa?

Na Mwandishi Wetu

KAMPUNI ya Sony ilisitisha utengenezaji wa PlayStation 2 mapema mwaka 2013, baada ya mashine hiyo kukaa sokoni kwa karibu miaka 13. Kwa hesabu za kampuni yenyewe, zimeuzwa zaidi ya milioni 160 duniani, idadi ambayo hakuna mashine nyingine ya gemu ya nyumbani iliyowahi kuifikia.

Hata hivyo, katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, taarifa za kustaafu kwake ni kama hazijafika. Bado inawashwa asubuhi na kuzimwa usiku, na bado watoto wanasubiri zamu. Kilichobadilika ni kwamba mara nyingi diski haihitajiki tena. Gemu zinatoka kwenye flashi iliyochomekwa katika tundu la USB lililo mbele ya mashine.

Kwa anayepita njia, hilo ni jambo dogo la mafundi. Lakini swali lililo nyuma yake, yaani kama mnunuzi ana haki ya kuvunja kufuli la mashine aliyoilipia mwenyewe, limefika katika mahakama za Australia, Uingereza na Italia, na katika Marekani limehusika katika kesi iliyomfikisha mtu gerezani.

Chanzo cha yote ni lenzi. PlayStation 2 husoma diski kwa mwanga wa leza, na lenzi inayoupitisha mwanga huo huchoka. Vumbi, joto na saa nyingi za kazi huifanya ishindwe kusoma, kwanza diski zenye mikwaruzo, kisha hata zilizo safi. Diski halisi nazo hazichapishwi tena. Nchini Japani, Sony iliacha kupokea PlayStation 2 za kutengenezwa mwaka 2018. Mwenye mashine amebaki na fundi wake wa mtaani.

Fundi ana njia mbili. Anaweza kutafuta lenzi nyingine, mara nyingi ya kunyofolewa katika mashine iliyokufa au ya kuigizwa, ambayo haidumu. Au anaweza kuiacha lenzi ilivyo na kuifanya mashine isome gemu mahali pengine.

Njia hiyo ya pili haikupatikana kwa urahisi. Diski halisi ina alama maalumu ambayo mashine za kawaida za kuchoma DVD haziwezi kuinakili, na PlayStation 2 isipoiona hukataa kuendelea. Miaka ya mwanzo ya 2000, mafundi waliikwepa kwa kulehemu chipu ndani ya mashine, kazi ya nyaya nyingi nyembamba ambayo mkono ukitetemeka kidogo mashine inaungua. Hapo ndipo lilipotoka neno la mtaani la mashine "iliyochipiwa".

Mwaka 2008 mambo yakageuka. Ikatoka programu iitwayo Free McBoot, isiyohitaji kulehemu chochote. Watunzi wake walitumia mlango ambao Sony yenyewe iliuacha: mashine inapowaka huchungulia kwenye kadi ya kumbukumbu kuona kama kuna programu mpya ya kuboresha mfumo wake. Ukiiweka Free McBoot mahali hapo, mashine inaipokea kama mgeni aliyealikwa. Sony iliuziba mlango huo katika matoleo ya mwisho ya mashine, lakini mwaka 2020 mtafiti mmoja akaonyesha kwamba hata sehemu ya kuchezea filamu za DVD inaweza kulaghaiwa kwa diski ya kawaida iliyochomwa nyumbani.

Mlango ukishafunguliwa, kazi iliyobaki hufanywa na programu nyingine, Open PS2 Loader. Gemu inapoomba taarifa kutoka kwenye diski, programu hiyo hulidaka ombi njiani na kulijibu kwa taarifa kutoka kwenye flashi. Gemu haina habari kwamba diski haipo.

Kuna dosari moja ambayo wateja wa vibanda wanaifahamu bila kujua sababu yake. Tundu la USB la mashine hii ni la kizazi cha kwanza, lenye uwezo wa kupitisha megabiti 12 tu kwa sekunde. Kisomea diski cha mashine hiyo hiyo kina kasi zaidi ya mara tatu ya hapo. Ndiyo maana filamu fupi za utangulizi hukwamakwama, sauti ikatangulia picha, ilhali gemu yenyewe ikianza huenda vizuri. Wapo wanaodhani mashine ni mbovu, kumbe ni mzima kabisa.

Hadi hapo suala ni la ufundi. Utata unaanzia kwenye sheria.

Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria ya hakimiliki ya zama za kompyuta, DMCA. Kabla yake, kosa lilikuwa kunakili kazi ya mtu bila idhini. Sheria hiyo iliongeza kosa jipya: kuvunja kufuli linaloilinda kazi hiyo. Ukishavunja kufuli, utetezi kwamba gemu iliyo ndani umeinunua kwa fedha yako hausaidii sana.

Ili kupunguza ukali huo, kila baada ya miaka mitatu Mkutubi Mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani hutangaza misamaha. Oktoba 2021 ulitoka mmoja unaogusa moja kwa moja mashine za gemu. Uliruhusu kufuli livunjwe kwa ajili ya kutengeneza kisomea diski kilichoharibika, kwa sharti kwamba kazi ikiisha kufuli lirudishwe kama lilivyokuwa, na isiwe njia ya kuchezea gemu zisizo halali.

Msamaha huo unafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu unaonyesha mstari ulipochorwa. Mamlaka zilikubali kwamba kisomea diski ndicho kiungo kinachokufa mapema na kwamba mnunuzi asibebeshwe mzigo huo. Lakini zilimruhusu kukirudisha tu, si kukiacha. Mtu mwenye PlayStation 2 yenye lenzi iliyokufa, na kabati lililojaa diski halisi alizozinunua dukani, hapati katika msamaha huo ruhusa ya kuzihamishia diski hizo kwenye flashi ili aendelee kuzicheza. Ni vigumu kuona mtengenezaji anapoteza nini katika hali hiyo.

Nchi nyingine hazikukubaliana mapema. Nchini Uingereza, mwaka 2004 mahakama iliamua dhidi ya muuzaji wa chipu za PlayStation 2. Mwaka uliofuata, Mahakama Kuu ya Australia, ya juu kuliko zote nchini humo, ilifika upande mwingine. Ilisema kwamba kufuli la Sony halizuii kunakili. Linazuia tu nakala isichezwe baada ya kunakiliwa, na sheria ya wakati huo haikulinda kufuli la namna hiyo. Ushindi huo wa wauza chipu haukudumu. Baada ya mkataba wa biashara huria na Marekani, Australia iliibadilisha sheria yake.

Jibu lenye busara zaidi lilitoka Luxembourg. Januari 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya Nintendo na kampuni ya Kiitaliano ya PC Box kwamba kufuli linalindwa na sheria iwapo tu halivuki kiasi cha lazima. Majaji wakazitaka mahakama za nchi kutazama vifaa vya kufungulia vinatumika kwa nini hasa: kuchezea gemu za wizi, au kwa mambo yasiyovunja hakimiliki? Kipimo hicho ni kizuri, ingawa hakikuiokoa PC Box. Kesi iliporudi Milan, mwaka 2015 mahakama iliipa Nintendo ushindi.

Marekani ilionyesha upande wake mkali zaidi katika kesi ya Gary Bowser, raia wa Kanada aliyehusishwa na kundi la Team Xecuter lililouza vifaa vya kufungulia mashine za Nintendo na nyinginezo. Alikamatwa mwaka 2020 katika Jamhuri ya Dominika, akakiri makosa, na Februari 2022 akahukumiwa kifungo cha miezi 40. Alikubali pia kuilipa Nintendo dola milioni 4.5, na katika kesi tofauti ya madai dola milioni 10 zaidi. Kundi hilo lilifanya biashara kubwa juu ya gemu ambazo zilikuwa bado mpya dukani, na si rahisi kulitetea.

Afrika Mashariki nayo haiko nje ya mkondo huo. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu kuvunja kinga ya kiufundi kuwa ni kukiuka hakimiliki. Ya Tanzania ya mwaka 1999 inawalenga zaidi wanaotengeneza au kuingiza vifaa vya kuvunjia kinga kwa ajili ya kuuza au kukodisha. Zote zilitungwa kabla ya fundi wa Kariakoo kuweza kuifungua mashine kwa kadi ya kumbukumbu tu.

Inapasa kusema ukweli kuhusu flashi zenyewe. Inayouzwa ikiwa tayari na makumi ya gemu ndani yake haikutokana na kabati la diski halisi la mtu yeyote. Ni nakala ambazo mtunzi hakulipwa. Lakini hata humo gemu hazifanani. Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004, ilitengenezwa upya na kuuzwa tena mwaka 2021, kwa hiyo nakala ya bure inashindana na bidhaa iliyo dukani. Pro Evolution Soccer 2014, gemu ya mwisho kutolewa rasmi kwa PlayStation 2, haichapishwi tena na Konami. Anayetaka kuinunua mpya leo hana pa kupeleka fedha yake.

Na hiyo si ya pekee. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Marekani ya Video Game History Foundation ulibaini kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena kwa kuuzwa rasmi. Watunza kumbukumbu waliomba maktaba ziruhusiwe kuwafungulia watafiti gemu hizo wakiwa mbali, badala ya kuwalazimisha kusafiri hadi zilipohifadhiwa. Oktoba 2024 ombi hilo lilikataliwa, baada ya wawakilishi wa watengenezaji kupinga kwa hoja kwamba lingeharibu soko la gemu za zamani.

Soko hilo lipo kwa gemu chache zilizobahatika kurudishwa dukani. Kwa nyingine zote, hakuna anayeuza, hivyo hakuna wa kumpa ruhusa anayetaka kulipa. Mwenye kibanda anayependa kufuata sheria angeweza kununua mashine mpya na gemu zake rasmi, kwa gharama ambayo ada ya watoto wa mtaani haiwezi kuirudisha. Kwa hiyo anaendelea na ya zamani. Msimu wa ligi ukibadilika, huipeleka flashi kwa fundi ikawekewe nakala ya PES iliyobadilishwa kwa mkono, yenye wachezaji na jezi za mwaka huu, juu ya gemu ambayo watunzi wake waliiacha mwaka 2013.

Mzunguko ujao wa misamaha ya Marekani ni wa mwaka 2027.