Gurudumu la akiba laondolewa mlangoni, msafiri wa kaskazini abaki na maswali

KAMPUNI ya Toyota ilipozindua Land Cruiser mpya ya kizazi cha 250 mnamo Agosti 2023, gumzo kubwa lilihusu umbo lake la mraba na sura yake ya kikale. Ni wachache waliotambua kwamba alama moja iliyoitambulisha Prado tangu mwaka wa 1990 ilikuwa imetoweka. Gurudumu la akiba, ambalo wenye magari wengi hapa nchini hulijua kwa jina la spea, halikuwa tena kwenye mlango wa nyuma. Lilikuwa limeshushwa na kufungwa chini ya sakafu, nao mlango uliozoeleka kufunguka kando ukawa sasa unainuliwa kwenda juu.

Kwa mkazi wa Nairobi anayelitumia gari la aina hiyo kupeleka watoto shuleni asubuhi na kurejea Lang'ata jioni, mabadiliko hayo hayana uzito wowote. Mafundi wa pancha wamejaa katika kila kona ya jiji. Mambo ni tofauti kwa anayeondoka mjini Marsabit kuelekea North Horr, safari ya takriban kilomita 200 inayopita katika mawe meusi ya volkano na mchanga wa jangwa la Chalbi. Huko, tairi likikatwa ubavuni na jiwe, msaada wa pekee ni ule uliobebwa na gari lenyewe. Mahali ulipofungwa ndipo panapoamua iwapo safari itaendelea baada ya nusu saa au baada ya siku nzima.

Toyota haikuwa ya kwanza kuchukua mkondo huo. Honda ililiondoa gurudumu kwenye mlango wa CR-V ilipozindua kizazi cha tatu mwaka wa 2006, na RAV4 ikafuata mwishoni mwa mwaka wa 2012. Sababu zinaeleweka. Mlango usiobeba chochote ni mwepesi, ni rahisi kuundwa na humwachia dereva kioo kizima cha kutazama nyuma. Gari hupungua urefu, na dukani linavutia zaidi machoni pa mnunuzi ambaye hajawahi kuona jeki ikitumika. Baadhi ya watengenezaji wamevuka hata hatua hiyo, wakaliondoa gurudumu kabisa na badala yake kuweka chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Gundi hiyo huziba tundu la msumari. Haiwezi kuziba ubavu uliochanwa na jiwe, na kaskazini mwa Kenya ubavu ndio huchanwa.

Ifahamike kuwa Kenya ni soko la magari yaliyokwisha kutumika kwingine, na kanuni huruhusu kuingizwa kwa yale ambayo hayajapita miaka minane tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza. Uamuzi unaopitishwa leo na wabunifu wa Japani kwa hivyo huchelewa kidogo tu kabla ya kutua bandarini Mombasa. Prado za kizazi cha 150, zilizotengenezwa kuanzia mwaka wa 2009, bado zinaingia, na miongoni mwake zipo zenye gurudumu mlangoni na zilizo nalo chini ya sakafu. Mnunuzi wa sasa angali na nafasi ya kuchagua. Anayefuata huenda asiwe nayo.

Je, gurudumu lililo chini ya gari lina kasoro gani? Kwenye lami, karibu hakuna. Uzito wake, ambao kwa gari la ukubwa huo huwa kati ya kilo 30 na 40 pamoja na ringi, hukaa chini ambako haulisumbui gari katika kona. Nafasi ya mizigo haiguswi. Pikapu kama Hilux, Ranger na D-Max, pamoja na Land Cruiser kubwa kuanzia ile ya mfululizo wa 100 hadi ya 300, zote hubeba spea zao hivyo, na si haki kudai kwamba magari hayo hayafiki mbali.

Kasoro hujitokeza pale pancha inapopatikana mahali pabaya. Gurudumu la chini hushikiliwa na mnyororo au waya wa chuma unaozungushwa kwa fimbo ndefu inayopenyezwa kupitia tundu karibu na bampa. Kifaa hicho hukaa miaka mingi katika vumbi, matope na maji ya mito bila kuguswa. Siku kinapohitajika, kutu imekifunga. Tairi la nyuma likiishiwa upepo, gari huinama upande huo huo ambako spea inapaswa kuteremka, na nafasi ya kuivuta nje hupotea. Itabidi gari liinuliwe kwanza kwa jeki ili gurudumu la kulisaidia liweze kutolewa. Gari likiwa limezama katika matope hadi kwenye bampa, kazi hiyo hugeuka kuwa ya kuchimba. Dereva hulala chali juu ya ardhi, chini ya chombo cha zaidi ya tani mbili kinachoegemea jeki iliyosimama juu ya udongo laini. Hiyo ni hatari ambayo broshua za wauzaji haziitaji.

Vilevile, gurudumu linaloning'inia nyuma ya ekseli hupunguza pembe ya kutokea, yaani mwinuko ambao gari linaweza kuushuka au bonde linaloweza kulipanda bila kukwaruza tumbo lake la nyuma. Katika makorongo ya Samburu, tairi la akiba ndilo huanza kugusa jiwe. Kisha kuna wezi. Spea iliyo chini huonekana na kufikiwa na yeyote aliye na spana na dakika chache za giza, na wenye pikapu mijini wamelazimika kuzifungia kwa minyororo na kufuli, ambazo nazo hushika kutu na kuwageuka wenyewe porini.

Lipo pia tatizo la kusahaulika. Vali ya gurudumu la chini mara nyingi haifikiki bila kulishusha, kwa hivyo hakuna anayepima upepo wake. Gari likinunuliwa Japani likiwa na miaka saba, spea yake huenda ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, haijawahi kugusa barabara na inaonekana mpya kabisa. Mpira huzeeka hata usipotumika. Umri wake umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Ni wachache wanaoinama kuzisoma.

Mlango wa nyuma huondoa mengi ya matatizo hayo. Gurudumu liko wazi, ni safi, lina kufuli yake na hufikiwa mtu akiwa amesimama. Ndiyo maana Land Rover, ilipoifufua Defender mwaka wa 2019, ililiacha mlangoni, na Suzuki ikafanya vivyo hivyo na Jimny ya mwaka wa 2018. Mercedes-Benz nayo haijaliondoa kwenye G-Class. Zaidi ya hayo, milango ya Prado na RAV4 za zamani ina bawaba upande wa kulia, hivyo katika nchi zinazoendesha kushoto, kama Japani na Kenya, mtu hupakia mizigo akiwa kando ya barabara, mbali na magari yanayopita. Wamarekani, wanaoendesha kulia, walilalamika kwa miaka mingi kwamba mlango huo huo uliwazibia njia ya kufikia ukingo wa barabara. Hapa Wakenya walibahatika bila kuomba.

Hata hivyo, mlango nao una gharama. Chukua gurudumu la kilo 40 lililofungwa mita 1.1 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 2.8. Ekseli ya nyuma haibebi kilo 40 bali karibu 56, na kilo 16 huondolewa kwenye magurudumu ya mbele. Si nyingi, lakini zikiongezwa kwenye matangi ya mafuta na maji yanayowekwa nyuma, springi hulegea na usukani huwa mwepesi kuliko inavyofaa.

Tatizo kubwa zaidi ni mtikisiko. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye zaidi ya kilomita 500, ilikuwa maarufu kwa kuvunja magari kabla ya kuwekwa lami katika muongo wa 2010. Mikunjo yake mithili ya bati iliyatikisa magari bila kukoma. Barabara za namna hiyo zingalipo pembeni mwa lami hiyo, na katika kila mtikisiko gurudumu huvuta bawaba na ngozi nyembamba ya mlango. Prado ambazo wenyewe wamezifunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, ambayo ni mazito zaidi, hupasuka chuma kuzunguka mahali gurudumu lilipofungwa. Nyufa huanza kwa kuingiza vumbi, na mlango ukiachwa bila kutengenezwa huishia kutofungika.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana, nayo ni mkono wa chuma unaozunguka, uliofungwa kwenye bampa nzito iliyoshikiliwa na fremu ya gari wala si na mlango. Mafundi stadi wa jua kali huitengeneza, ingawa ubora hutofautiana sana baina ya karakana moja na nyingine. Mkono usiokazwa vyema hugongagonga usiku kucha, na ule unaoficha taa au nambari ya usajili humkosanisha dereva na polisi wa trafiki, kwa kuwa sheria inataka nambari hiyo ionekane.

Wapo wanaopendelea paa, hasa madereva wa watalii wanaobeba magurudumu mawili ya akiba. Inafaa kusema kwamba hatari ya gurudumu moja juu ya paa hutiwa chumvi. Gari la kilo 2,300 ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 75 kutoka ardhini, likiongezewa kilo 40 katika kimo cha mita mbili, huinua kitovu hicho kwa takriban sentimita mbili tu. Balaa ni kwamba gurudumu halipandi peke yake. Huandamana na keria ya chuma, hema, mitungi ya maji na pengine kuni. Defender mpya, ambayo paa lake ni imara kuliko mengi, huruhusiwa kubeba kilo 168 gari likiwa mwendoni, keria ikiwemo. Kiasi hicho hukwisha upesi. Kisha kuna swali la nani atakayelishusha. Kuteremsha kilo 40 kutoka kimo hicho juani, mtu akiwa peke yake, ni kualika jeraha la mgongo.

Juu ya boneti, ambako Land Rover za zamani zilizounganishwa Thika mara nyingi zilibeba lao, hapana haja ya kukawia: humzibia dereva asiyekuwa mrefu, na boneti za leo hazikuundwa kwa uzito huo. Ndani ya gari ni pazuri kwa usawa wa uzito, na magari ya mashindano ya Safari Rally huko Naivasha hubeba ya kwao ndani. Lakini hayo hufungwa kwa mikanda madhubuti. Gurudumu lililolazwa tu nyuma ya viti huweza, gari linapogonga kitu, kusukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia tani moja, na aliye mbele yake ni abiria.

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la wapenda magari pekee. Ambulensi nyingi zinazohudumu katika kaunti kame zimeundwa juu ya Land Cruiser. Machela huingilia nyuma, hivyo gurudumu lililo mlangoni huufanya mlango kuwa mzito, na gari likisimama kwenye mteremko mlango huo hurudi kumgonga anayemwinua mgonjwa. Likiwekwa chini, kuna uwezekano wa mhudumu kulala matopeni usiku akipigana na kutu huku mama mjamzito akiwa ndani, na uzito wa waliomo ukizidi kulididimiza gari. Likiwekwa ndani, linachukua nafasi ya muuguzi.

Kwa gari la kazi hiyo, mkono uliofungwa kwenye fremu, unaoweza kuzungushwa mbali na mlango na kujifunga ukiwa wazi, una hoja nzito kuliko mbinu nyingine zote. Huongeza gharama na uzito, naam, lakini ni gharama ndogo ikilinganishwa na bei ya gari lenyewe. Zabuni za kaunti zinastahili kulitaja jambo hilo waziwazi, sawa na zinavyotaja ukubwa wa injini. Kwa wasafiri wa kawaida, la kwanza likae mlangoni au kwenye mkono wa namna hiyo, na la pili, kwa wanaozuru Loiyangalani au North Horr, likae paani likiwa peke yake, bila mizigo mingine mizito.

Aliyekwisha kununua gari lenye spea chini naye hana sababu ya kuliuza. Kifaa cha kuishushia kikisafishwa na kupakwa grisi kila gari linapofanyiwa huduma, na gurudumu lenyewe likishushwa, likapimwa upepo na kurudishwa kabla ya kila safari ndefu, nusu ya matatizo huisha. Anayenunua sasa anaweza kumwomba muuzaji jambo moja akiwa bado uwanjani kwake: atoe gurudumu la akiba kwa vifaa vilivyomo garini pekee, kisha alirejeshe mahali pake. Muda utakaotumika, na jasho litakalomtoka muuzaji, yatampa mnunuzi habari ambazo hazimo katika cheti chochote cha ukaguzi.