Simu Imemwona Mtoto, Miwani Iko Wapi?

Mtoto anayekosea kila anachonakili ubaoni huitwa mzembe. Akiinuka kuchungulia daftari la mwenzake, huitwa mtundu. Muhula ukiisha anashika mkia, na nyumbani anangojewa na kiboko. Katika muda wote huo hakuna aliyemfunika jicho moja na kumuuliza anaona nini. Huu ni ukatili, na hauna tena kisingizio cha uhaba wa wataalamu, maana kazi ya kumtambua mtoto huyo sasa anaiweza mwalimu yeyote mwenye simu.

Ushahidi hauko ng'ambo, uko hapa Kenya, katika kaunti ya Trans Nzoia. Watafiti, akiwemo daktari wa macho Hillary Rono, waliwafunza walimu wa huko kupima macho kwa programu iitwayo Peek. Herufi E hutokea kwenye simu ikielekea juu, chini, kushoto au kulia. Mtoto anaonyesha kwa mkono upande inakoelekea, mwalimu anatelezesha kidole upande huohuo, na hesabu inafanywa na simu. Hata mtoto asiyejua kusoma hupimwa vilevile.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalipaswa kuwanyima mawaziri usingizi. Shule 50 ziligawanywa makundi mawili. Katika kundi moja, mtoto aliyegunduliwa na tatizo alipewa barua ya rufaa kama ilivyo desturi, na waliofika hospitalini walikuwa asilimia 22. Katika kundi la simu, mzazi alitumiwa ujumbe wa kumkumbusha, tena akapewa picha ya kumwonyesha jinsi uoni wa mwanawe ulivyofifia. Wakafika asilimia 54. Kaunti ni ileile, umaskini ni uleule, barabara ni zilezile. Basi wale waliozoea kutuambia kwamba mzazi wa kijijini hajali, wamwombe radhi. Alipoelezwa akaelewa, alimshika mtoto mkono wakaenda.

Lakini asilimia 46 hawakwenda! Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu najua kitakachofuata: viongozi watapiga picha na simu hizo, watahutubia juu ya teknolojia, watapanda magari yao. Simu haimlipii mama nauli. Simu haikati lenzi. Kumpima mtoto, kumwambia macho yake ni mabovu, kisha kumrudisha kwenye dawati lilelile bila miwani ni kumdhulumu mara ya pili, safari hii kwa kujua.

Wala asiniambie mtu kwamba pesa hazipo. Kuanzia mwaka 2016 serikali ilisambaza vishikwambi katika shule za msingi kote nchini. Tulimpa mtoto kioo cha kutazama kabla ya kujua kama anaona!  Pesa za kuvinunua na kuvisafirisha zilipatikana.

Kinachokosekana ni mwenye jukumu. Tangu ugatuzi, hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, na shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mtoto asiyeona ubao ameangukia katikati. Wizara ya Elimu inasema macho ni afya, kaunti inasema mwanafunzi ni wa wizara, na mtoto anaendelea kukunja uso kwenye dawati la nyuma.

Na macho hayangoji vikao. Jicho moja likiwa dhaifu tangu utotoni, ubongo hulizoea lile zima na kulipuuza jingine. Tiba hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo, na ikichelewa sana, hata miwani bora haitalirudishia jicho hilo nguvu yake yote. Huyo ni mtoto tuliyemharibia jicho kwa kubishana.

Kwa hiyo naitaka kila kaunti itenge fungu la miwani ya watoto wa shule, lililoandikwa kwa jina lake kwenye bajeti, lisilofichwa ndani ya "huduma nyinginezo". Daktari wa macho aifuate shule, asingoje kufuatwa. Simu zinunuliwe baada ya fungu hilo kupitishwa, si kabla. Wananchi wana haki ya kushiriki vikao vya bajeti. Twendeni tukamsimamishe mwakilishi wa wadi yetu, atuambie mbele ya wote: mwaka huu umetenga miwani mingapi?