Umaarufu wa Ghafla na Wajibu wa Mbunifu

Yapo mafanikio yanayostahili kuchunguzwa kabla ya kusifiwa. Mwezi Mei 2013, Dong Nguyen, kijana wa Hanoi, Vietnam, alitoa mchezo wa simu uitwao Flappy Bird, alioutengeneza peke yake kwa siku chache. Kwa miezi mingi haukujulikana. Ghafla, Januari 2014, ukaongoza orodha ya michezo ya bure ya Apple nchini Marekani.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kugusa kioo ili ndege apite katikati ya mabomba. Lakini kushindwa kulikuja upesi, na kila aliyeshindwa alimsimulia mwenzake. Wachezaji wenyewe wakawa wapiga mbiu.

Iliripotiwa kwamba matangazo yalimwingizia dola 50,000 kwa siku. Hata hivyo, Februari 2014 aliuondoa sokoni, akieleza kuwa umekuwa uraibu.

Hapo ndipo penye funzo kwa walimu wanaowafundisha vijana kuunda programu. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini hata kinachojiuza, mwenyewe hana budi kujiuliza kinawafanyia nini wanaokinunua.