Zaburi ndani ya Mathayo

Shule za Goma zilipofungwa kwa sababu ya vita, Januari 2025, tulianza kufundisha watoto nyumbani, na mpaka leo hatujaacha. Kila asubuhi, baada ya sala, mkubwa wetu wa miaka saba alikuwa anasoma Zaburi ya 23 bila kukosea, nasi tukimsifu hata kwa majirani. Jumanne mdogo wake akafungua Biblia kwenye Mathayo. Mkubwa akaweka kidole kwenye mstari, akasoma Zaburi ya 23! Tulicheka, yeye akalia. Kosa ni letu: tulimkaririsha, herufi hatukumfundisha. Sasa tunaandika ba, be, bi kwa makala kwenye simenti, huku sombe ikichemka. Jana alisoma "bibi" peke yake, akatuangalia usoni kuona kama tutacheka.