Daftari la wiki: Muhula mpya, zamu zilezile

Muhula wa vuli umeanza hapa Houston. Kama ilivyo kawaida ya Texas, umeanza mwishoni mwa Agosti, jua likichoma hata saa kumi na mbili jioni. Somo langu ni Kihispania cha mwaka wa pili. Katika vyuo vingi vya umma vya jimbo hili linajulikana kwa namba moja, SPAN 2311, na faida ya namba hiyo ni kwamba anayehama chuo, au anayesimamisha masomo kwa sababu ya kazi, harudishwi mwanzo. Darasani kwetu wapo wengi walionusurika kwa mpango huo. Yumo muuguzi, yumo fundi wa viyoyozi anayekuja na buti zake za kazini, wamo vijana waliokesha wakipanga mizigo ghalani. Darasa la jioni nalipenda kwa ajili ya watu hawa. Kila mmoja ameacha kitu ili afike.

*

Kazi yangu ni kusajili wagonjwa hospitalini: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, bima, na mtu wa kupigiwa simu. Wengi wanaokaa mbele yangu wametoka Meksiko, El Salvador, Honduras na Guatemala. Marekani ina watu zaidi ya milioni 40 wanaozungumza Kihispania nyumbani, na ukiketi dawatini pangu asubuhi moja utadhani wote wamehamia mtaa huu.

Chukua suala la majina. Mtu wa Meksiko ana majina mawili ya ukoo, la baba kwanza, la mama baadaye. María García López, kwa mfano, baba yake ni García na mama yake ni López. Fomu ya Marekani inataka jina moja la mwisho, kwa hiyo msajili asiyejua anaandika López. Mwezi ujao msajili mwingine anaandika García, na tayari mgonjwa ana majalada mawili: dawa inayomdhuru imeandikwa kwenye moja, daktari amefungua jingine. Sisi tuliozoea kujaza jina letu, la baba na la babu hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Tarehe nazo ni hivyohivyo. Mama wa Guatemala akiandika 5/8 anamaanisha tarehe tano Agosti, kama tunavyoandika nyumbani, ilhali kompyuta inasoma Mei. Siku hizi nauliza «¿su primer apellido?», nasubiri, naandika, ndipo nauliza la pili. Na mwezi namwomba autaje kwa jina.

*

Kusajili ni kitu kimoja, kutafsiri maneno ya daktari ni kitu kingine, na mpaka huo nauunga mkono kwa moyo wote. Sheria ya afya ya Marekani ya 2010, kifungu cha 1557, inazibana hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zimpatie mgonjwa mkalimani aliyefuzu bila kumtoza kitu. Kanuni zake zinakataza mtoto kufanywa mkalimani, isipokuwa kwenye dharura.

Wiki hii alikuja mama mmoja na binti yake, begi la shule likiwa bado mgongoni. Binti ndiye aliyeanza kujibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuizoea kazi hiyo. Nikasogeza kile kishikwambi chenye mguu wa magurudumu, mkalimani akatokea kwenye kioo, akamsalimu mama kwa «usted», kwa heshima zote. Mama akavuta kiti. Maelezo aliyoyatoa yalikuwa marefu kuliko yote aliyokuwa amesema binti, na mengine aliyasema baada ya kumtuma mtoto akanywe maji. Anayedhani sheria ile ni urasimu tu angekuwepo pale.

*

Darasani tumeingia sura ambayo wenzetu wa hapa huiogopa kuliko zote, «el subjuntivo». Ni ile hali ya kitenzi mtu anapotaka, anapoomba au anapotumaini jambo ambalo bado halijawa. Kiingereza kimebakiwa na masalia yake tu, kwa hiyo kijana aliyezaliwa Dallas haoni sababu ya kitenzi kubadilika. Mwalimu aliandika ubaoni: «habla», yaani asema, «quiero que hable», nataka aseme.

Nyuma yangu huketi dada kutoka Bukavu, mfua mashuka hotelini. Akaniinamia: «Kaka, hii si ni ile yetu? Nataka akuje!»

Ni ile yetu kabisa. Asema, aseme, «habla», «hable». Hata irabu zimekutana, a inakuwa e. Lugha hizi hazina undugu wowote, na kundi jingine la vitenzi vya Kihispania linakwenda kinyume: «come», ala, inageuka «coma». Hata hivyo, kazi inayofanywa na ule mwisho wa kitenzi ni moja. Unamtenganisha mtu anayefanya na mtu anayetakiwa afanye. Tulipofika zoezi la maagizo ya daktari, «es necesario que descanse», ni lazima apumzike, dada yule alikuwa amefika chini ya ukurasa huku wenzetu wakipekua jedwali.

Si hapo tu. «Comió» na «comía» huwasumbua wenzetu muhula mzima, nasi tuna alikula na alikuwa akila. «Hablo» haihitaji neno la mimi mbele yake, kama nasema isivyolihitaji. Tunafundishwa mambo haya kwa kuzungushwa kwenye Kiingereza, lugha ambayo ndiyo inayapata kwa shida, na naamini kuzungushwa huko kunatupotezea muda mwingi. Msemaji wa Kiswahili anastahili kitabu cha Kihispania kilichoandikwa kwa Kiswahili, kitakachomwambia tangu sura ya kwanza: hiki unacho tayari, hiki ndicho kigeni. Umoja wa Afrika una lugha zote mbili katika orodha yake ya lugha rasmi. Mwaka 2018 madaktari wapatao 100 wa Kuba walifika Kenya kufanya kazi katika hospitali za kaunti. Kitabu hicho kingewafaa wao pia, kikisomwa kutoka upande wa pili.

*

Kitabu chetu cha sasa kinafundisha «tú» kwa rafiki, «usted» kwa heshima, na «vosotros» kwa kundi la marafiki, jinsi wasemavyo Hispania. Kazini sijasikia «vosotros» hata mara moja. Ninachosikia ni «vos». Mzee mmoja wa idara ya usafi, mtu wa El Salvador tunayemwita Don pamoja na jina lake, akiwa na kijana mwenzake wa kazi husema «vos tenés», «vení», «sentate». Hakuna hata moja kati ya hizo katika majedwali yetu. Andrés Bello, msomi wa Venezuela aliyechapa sarufi yake maarufu huko Santiago mwaka 1847, aliipiga vita «vos» nchini Chile akiiona ni lugha isiyofaa kwa wasomi. Bello namheshimu sana, maana aliandika sarufi kwa ajili ya watu wa bara lake. Lakini kwa Houston ya leo, yenye Wasalvador na Wahondura wengi hivi, «vos» ingepewa nafasi ya «vosotros» kuanzia muhula wa kwanza.

*

Neno kwa anayefikiria kujiandikisha. Sheria ya kodi ya hapa inamruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hiyo kukatwa kodi. Waulize watu wa rasilimali watu kabla ya kulipa ada, kwa sababu waajiri wengi hurudisha fedha baada ya kuona alama zako, na wengine wanataka idhini iombwe mapema. Kitabu usikinunue mkononi mwa mtu kabla ya kuuliza kama mazoezi yako mtandaoni. Namba ya siri ya kuyafungulia hutumika mara moja tu, na kitabu kisicho nayo hakitakusaidia kupata alama za kazi za nyumbani.

*

Alhamisi ijayo tuna mtihani wa kwanza wa kuzungumza, wawili wawili, na mada ni mji uliokulia. Nimepangwa na dada wa Bukavu. Yeye ataeleza ziwa Kivu na soko la Kadutu, mimi nitaeleza Tanga, na kila mmoja atamuuliza mwenzake maswali. Zamu yangu ya Alhamisi inaishia saa moja usiku, kwa hiyo nimemwomba mwenzangu wa usajili tubadilishane. Amekubali, naye nitamshikia Jumapili.